Sentensi ya Lifti

Watu walimwita Mama Foleni, ingawa hakuwa mama wa mtu. Jina hilo alilipata kwenye blogu yake. Siku za kazi alikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, akipokea simu na kuwatuliza waliovimba mashavu. Jumamosi alikwenda kwenye bustani ya michezo iliyo pembezoni mwa mji, akasimama kwenye foleni huku akitazama saa, kisha akarudi nyumbani kuandika: bembea kubwa, saa nne asubuhi, dakika ishirini, saa nane mchana, dakika tisini, na mtoto wa mbele yako keshatapika. Aliandika vyoo vipi vina maji, benchi zipi zina kivuli, na muuza vinywaji yupi hana chenji kila siku ya Mungu. Kiingilio alilipa kama watu wengine. Alichokiona ndicho alichokisema, kiwe kitamu, kiwe kichungu.

Wasomaji wake walimpendea hilo. Wengi walikuwa wazazi, na mzazi anayewapeleka watoto bustanini mara moja kwa mwaka hana nafasi ya kukosea siku. Miongoni mwao alikuwepo mshonaji wa sare za shule aliyejiita Mama Kitinda. Huyo Kitinda alikuwa binti yake wa mwisho, miaka kumi na mmoja, na alitumia kiti cha magurudumu. Kila baada ya wiki chache mama yake aliandika swali. Njia ya kwenda kwenye bwawa la samaki ni kokoto au saruji? Mlango wa choo cha upande wa kulia unapitisha kiti? Mama Foleni akienda Jumamosi alipita makusudi kutazama, akarudi na jibu. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini kwa miaka mitatu walikuwa wakijuliana hali kama ndugu.

Basi bustani ikatangaza mchezo mpya, Gari la Mawingu. Halikuwa la kurusha watu roho. Vilikuwa vigari vya vioo vinavyopanda polepole kwenye reli na kuizunguka bustani yote kwa juu, na milango yake ilikuwa mipana. Mama Kitinda akaandika siku hiyo hiyo: "Huu hata daktari hataukataza. Binti yangu halali. Ukipata habari ya namna ya kupanda kule juu na kiti, tafadhali nikumbuke."

Wiki mbili baadaye Mama Foleni akapokea barua pepe kutoka kwa afisa uhusiano wa kampuni ya bustani. Alialikwa kwenye siku ya wageni maalumu, wiki moja kabla ya ufunguzi. Angepanda kabla ya watu wote, angepewa chakula cha mchana, na angepokea kadi ya Rafiki wa Bustani, ya kuingia bure mwaka mzima kwa mlango wa pembeni. "Wewe si mgeni kwetu," barua ilisema. "Wewe ni sauti yetu."

Aliisoma mara tano. Kisha akaipeleka jikoni kwa mama yake, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisoma kila andiko lake kabla halijatoka, kalamu nyekundu mkononi kana kwamba bado yuko darasani.

"Wanakuvika kilemba cha ukoka," mama alisema.

"Ni mwaliko tu, mama."

"Ukoka ukikauka, kilemba kinawasha. Haya, nenda. Lakini macho usiyaache getini."

Alimdanganya daktari wa meno kwamba ana shughuli ya kifamilia, akaenda. Mlango wa pembeni ulitandikwa zulia. Wafanyakazi walijipanga pande mbili wakawapigia makofi, yeye na wanablogu wengine tisa, kana kwamba wametoka vitani. Akavishwa kitambulisho shingoni, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa za rangi ya dhahabu. Mwanablogu mmoja mwenye kamera tatu akamtania: "Leo Mama Foleni hana foleni!" Wote wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Ukweli ni kwamba ilimkolea. Miaka minne alikuwa mtu wa kusukumwa na viwiko. Leo mtu alimvutia kiti akae, akamwita kwa jina, akamuuliza chai yake anaipenda vipi.

Baada ya kupanda na kushuka, wenzake walielekea mezani. Yeye, kwa mazoea tu, akazunguka nyuma ya jukwaa la kupandia. Alihesabu ngazi arobaini na mbili. Kando ya ngazi kulikuwa na kitambaa kipana kilichochorwa mawingu, na juu yake alama ya kiti cha magurudumu. Akainua pembe ya kitambaa. Ndani palikuwa na shimo refu, mifuko ya saruji, ngazi ya mbao, na maji ya mvua yaliyotuama. Lifti haikuwepo. Hata waya wake haukuwepo.

"Ah, hiyo!" afisa uhusiano alisema alipoulizwa. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye sauti kama asali ya moto. "Mafundi wako njiani. Siku ya ufunguzi itakuwa inapanda na kushuka. Njoo ule, chakula kinapoa."

Akaenda akala.

Siku ya pili aliandika, na kwenye aya ya nne akaweka sentensi moja: "Lifti ya viti vya magurudumu bado haijafungwa, nimeona shimo tupu, kwa hiyo wanaoihitaji wasubiri kwanza." Kampuni ilikuwa imewaomba wageni wote watume maandiko yao kabla, eti majina ya mitambo yasije yakakosewa. Akamwonyesha mama yake, akatuma. Kabla hata hajafunga kompyuta, simu ikalia.

"Dada yangu, nimesoma mpaka nimesisimka," afisa uhusiano alisema. "Una mkono wewe! Kuna kakitu kadogo tu. Hako kasentensi ka lifti."

"Lakini haipo."

"Haipo leo. Watu watasoma leo, lakini watakuja wiki ijayo, na wiki ijayo ipo. Sasa si utakuwa umewapotosha?" Akacheka kidogo. "Unajua tunaandaa orodha ya marafiki watakaolala kwenye hoteli yetu mpya kabla haijafunguliwa. Nimeshakuweka. Nisingependa bosi asome kitu akaanza kuuliza maswali."

Mama Foleni alitazama kadi yake mpya mezani. Kwenye picha alikuwa anatabasamu, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alipigwa picha nzuri hivyo. Akaifuta sentensi. Pengo likabaki baya, aya ikachechemea, na ili kuliziba akaandika nyingine: "Hata wenye viti vya magurudumu hawakusahauliwa, lifti ipo."

Mama yake alisoma lile andiko likiwa tayari limeshatoka.

"Jana ulinionyesha sentensi ya lifti. Imekwenda wapi?"

"Nimeifupisha."

"Umeifupisha mpaka imegeuka." Akaweka kalamu chini.

Siku iliyofuata, akila chakula chake nyuma ya dawati la kliniki, aliona maoni ya Mama Kitinda. "Umenitoa machozi. Nilikuwa nasubiri neno lako tu. Nimeomba ruhusa kazini, tunakuja Jumamosi ya ufunguzi, safari ya saa tatu kwa basi. Binti anakusalimu."

Vidole vyake vilikuwa juu ya simu. Ilitakiwa aandike maneno manne: subiri kwanza, usije bado. Hakuyaandika. Alimpigia afisa uhusiano akauliza kama mafundi wamefika, akajibiwa, "Usiwe na wasiwasi, mpenzi wangu," na jibu hilo, ambalo halikuwa jibu, akalimeza kama mgonjwa anayemeza dawa bila kuuliza ni ya nini. Simu akailaza kifudifudi.

Jumamosi aliingia kwa mlango wa pembeni. Chini ya ngazi za Gari la Mawingu palikuwa na umati, kamba zimefungwa, watoto wamebebwa mabegani. Kitambaa cha mawingu kilikuwa kimening'inia pale pale. Hakuwa na haja ya kukiinua. Mfuko wa saruji ulikuwa umechungulia kwa chini.

"Mama Foleni!"

Sauti ilitoka pembeni ya foleni. Binti mwembamba aliyevaa gauni jipya la njano alikuwa akimpungia mikono yote miwili.

"Mama, ni yeye! Si unaona, imeandikwa shingoni!"

Mama Foleni akasogea. Binti akamshika mkono akaukumbatia kifuani.

"Mimi ndiye Kitinda. Nimesoma yote uliyoandika, anti. Hata ile ya vyoo." Akacheka, mkono bado ameushika. "Tuonyeshe basi lifti iko wapi. Tumezunguka mara mbili hatujaiona."

Nyuma ya kiti alisimama mama yake, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, jasho limemlowesha kola. Hakutabasamu, wala hakukunja uso.

"Tumemuuliza mfanyakazi wa langoni," alisema. "Kasema hakuna lifti. Nikabishana naye. Nikamwambia ipo, imeandikwa na mtu ninayemjua."

Mama Foleni alijisikia uso unawaka mpaka kwenye masikio. "Waliniambia itakuwa tayari."

"Nani?"

"Kampuni."

"Mimi sikuwasoma kampuni. Nilikusoma wewe."

Pengine hapo angesema ukweli wote. Lakini afisa uhusiano alikuwa ameshawaona, akaja mbio na mpiga picha, na vijana wawili wenye vifua vya kubeba makabati.

"Jamani, binti mzuri hivi! Hawezi kuondoka bila kupanda," alisema. "Hawa kaka zako watakubeba mpaka juu kama malkia. Na picha tutakupa bure."

Kitinda aliwatazama wale wanaume. Akaitazama foleni, watu zaidi ya mia, nusu yao wameshageuka kumwangalia. Akashika pindo la gauni lake, akalivuta chini.

"Sitaki kubebwa."

"Ni ngazi chache tu, mpenzi."

"Sitaki."

Hapo ndipo Mama Foleni alipofanya jambo ambalo baadaye lilimchoma kuliko hata ile sentensi. Alichuchumaa mbele ya kiti, akasema kwa sauti laini, sauti ile ile ya kuwabembeleza wagonjwa wa meno: "Mara moja tu, Kitinda. Dakika mbili. Ukifika juu utasahau yote." Na huku akisema alijua kwa nini anasema. Binti akifika juu, lifti haitakuwa na maana tena. Andiko litakuwa kweli. Mambo yatakuwa yameisha.

Kitinda akamwachia mkono.

"Mimi si mzigo, anti," alisema taratibu.

Mama yake akashika vishikio vya kiti. Aligeuza kiti kuelekea lango kuu. Afisa uhusiano akamkimbilia na mfuko wa zawadi, kofia na fulana zenye picha ya mawingu, akamwekea mbele. Mama Kitinda akanyoosha kidevu upande wa Mama Foleni.

"Mpe huyo. Ameshazizoea."

Wakaenda zao. Mama Foleni alibaki amesimama, na angetaka sana iwe kwamba aliwakimbilia. Hakuwakimbilia. Afisa uhusiano alimshika kiwiko, akamwambia, "Umejitahidi, dada, watu wengine hawana shukrani," akampeleka kwenye picha ya pamoja ya Marafiki wa Bustani. Akasimama mstari wa pili. Mpiga picha aliposema tabasamu, alitabasamu. Picha hiyo ipo mpaka leo, na anayeitazama asiyejua kitu ataona mwanamke mwenye furaha.

Nyumbani mama yake alimtazama alivyovua viatu, akauliza, "Umekula?" Hilo tu. Angegombezwa ingekuwa afadhali. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akalia kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni, na mama akaendelea kuchambua mchele, akimwacha alie mpaka amalize.

Asubuhi ya Jumapili aliandika upya. Aliandika alichokiona nyuma ya kitambaa na siku aliyokiona. Akaweka sentensi aliyoifuta, neno kwa neno, na ile aliyoiweka badala yake. Akaeleza kuhusu simu, hoteli, kadi. Akaeleza kwamba familia moja ilisafiri kwa neno lake ikarudi bila kupanda, na kwamba alimbembeleza mtoto akubali kubebwa ili yeye aonekane mkweli. Hakumtaja mtu mwingine kwa jina wala cheo. Mama yake alisoma mwanzo hadi mwisho, kalamu ikabaki mezani.

"Hapa sina cha kusahihisha," alisema.

Kampuni haikumjibu. Jumatatu alipojaribu kufungua ukurasa wa wageni maalumu aliambiwa hatambuliki. Mwanablogu wa kamera tatu akaandika kwamba kuna watu wanakula kwenye sahani kisha wanaitemea mate. Hilo alilistahimili. Kilichomshinda kilikuwa sifa. Watu wengi wakaja kumsifu: una ujasiri, dada, mkweli kama wewe hayupo. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, maana ukweli wenyewe alikuwa ameuleta baada ya watu kuumia, kama zimamoto anayefika kumwagia maji majivu. Akafunga sehemu ya maoni.

Mama Kitinda hakuandika kitu. Mama Foleni alimwandikia kuomba radhi, kimya. Akamwandikia kuomba ruhusa ya kwenda kumwona, kimya. Wiki zikapita, blogu ikalala. Bustani ikaweka lifti mwezi wa pili baada ya ufunguzi, ikapiga tarumbeta kwenye matangazo kana kwamba ni mpango wa siku zote. Ndipo siku moja ukaingia ujumbe usio na salamu: jina la mtaa, namba ya nyumba, na neno Jumamosi.

Alikaa kwenye basi saa tatu nzima. Hakubeba zawadi, alifikiri sana juu ya hilo, akaona mikono mitupu ni heshima zaidi. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, cha mbele kimejaa cherehani na sare za bluu zilizorundikwa mpaka dirishani. Mama Kitinda alimwonyesha kigoda, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Dada, nimekuja kuomba radhi," Mama Foleni alisema. "Nilijua lifti haipo, nikaandika ipo. Sina utetezi."

Cherehani ikasimama.

"Nimesoma," mwenye nyumba alisema. "Mimi nimesoma. Binti hajasoma, nilimficha. Unajua kwenye basi alisema nini? Kasema, mama, usimkasirikie, pengine na yeye alidanganywa, pengine hakujua. Nikamwacha na hilo. Miezi miwili namsikia akikutetea kwa kaka zake." Akakata uzi kwa meno. "Yuko uani. Nenda kamwambie mwenyewe."

Mama Foleni alifikiri amesikia vibaya. Kwa kuandika alikuwa amekiri mbele ya maelfu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama machoni. Akasimama. Kutoka kigodani hadi mlango wa uani zilikuwa hatua tano, akazitembea kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Kitinda alikuwa akibana nguo kwa vibanio kwenye kamba iliyoshushwa usawa wake. Alipomwona alishtuka, uso ukataka kufurahi, ukasita.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba." "Kitinda, mimi nilijua. Kabla hujaja. Niliona shimo kwa macho yangu haya, nikaandika lifti ipo. Sikudanganywa na mtu."

Binti alibaki na kibanio mkononi, akikifungua na kukifunga.

"Kwa nini?"

"Niliogopa wasiniite tena."

"Kuitwa tu?"

"Kuitwa tu."

Kitinda akainamisha uso. Alipouinua macho yalikuwa na maji, lakini hakulia. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma andiko upya baada ya kuambiwa lina makosa.

"Nilimwambia kaka kwamba hukujua," alisema. "Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie nilijua. Mwambie yeye ndiye aliyekuwa sahihi."

Binti akarudi kwenye nguo zake. Akabana sketi moja, akabana nyingine. Mama Foleni hakujua kama anaruhusiwa kuondoka au anatakiwa kubaki, akasimama juani mikono ikimning'inia.

"Na kule juu kukoje?" Kitinda akauliza ghafla, bila kugeuka.

Kulikuwa na maneno mengi mazuri aliyoyaandika kuhusu kule juu: bustani yote kama zulia, upepo kama hariri.

"Sijui," Mama Foleni alisema. "Naogopa urefu. Nilifumba macho tangu mwanzo hadi tukashuka."

Kitinda akageuka. Ikamtoka sauti fupi puani, nusu kicheko, akaimeza haraka kana kwamba amekumbuka kwamba amekasirika.

Aliporudi ndani, Mama Kitinda hakuuliza yamekwendaje. Dirisha la uani lilikuwa wazi. Alimtazama mgeni wake kutoka juu hadi chini, kisha akasukuma rundo la sare kwa mguu na kumtupia mkasi mdogo mapajani.

"Basi lako ni saa kumi," alisema. "Kama unakaa, kata nyuzi. Na usinikatie kitambaa."

Mama Foleni akavuta kigoda karibu na dirisha, akachukua shati la kwanza, akaanza kutafuta nyuzi zilizoning'inia. Cherehani ikarudi kuunguruma. Hakuna aliyemwambia amesamehewa, na yeye hakuuliza.